Shangazi, namnunulia mke wangu gari kwa siri, sasa anadhani nina mpango wa kando

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, tunaishi Utawala na mke wangu na watoto wetu wawili, na Desemba hii tutakuwa tumemaliza miaka kumi kwa ndoa. Mimi kazi yangu ni ya mijengo, nasimamia saiti, mke wangu ni nesi katika hospitali moja mjini na anafanya shifti, wiki zingine mchana wiki zingine usiku. Nisamehe barua ni ndefu lakini sina mtu wa kumwambia, marafiki wangu nikiwaambia wanacheka tu na dada zangu nikiwaambia mama atakuwa ameshajua kabla ya jioni.

Gari anayoendesha mke wangu ni Vitz ya 2011 tuliyonunua 2018. Imetusaidia, siwezi kuitukana, lakini imechoka. Barabara ya kuingia kwetu ni ule udongo mweusi, mvua ikinyesha siku mbili inakuwa ugali, na Vitz inakwaruza tumbo mpaka bampa ya mbele sasa tumeifunga na waya. Mke wangu hajawahi kulalamika sana, yeye ni mtu wa maneno kidogo. Siku moja tu mwaka jana tukiisukuma kwa matope na mtoto akiwa ndani akaniambia akicheka, "Baba, mimi nikipata gari haina maneno nitashukuru Mungu." Hiyo kitu iliniingia. Nikaamua kimoyomoyo nitamnunulia gari ya juu, nimpe Desemba siku ya anivasari yetu, kanisani, ikiwa na ule utepe mwekundu, watu wakiona.

Sasa nimetafuta kwa miezi mitano Shangazi, saa hii naweza kufungua yadi ya kuuza magari. Nina akiba ya milioni 1.4 na sacco yangu itanipa nifikishe milioni tatu, nilipe kwa miaka minne. Moyo wangu uko kwa Subaru Forester. Iko juu ya ardhi sentimita 22, inavuta kwa magurudumu yote manne, ina zile kamera za EyeSight za kukuonya ukitoka kwa leni. Ya 2019 imenishinda bei lakini nimepata ya 2017 iliyokuwa inaendeshwa na mtu hapa hapa Nairobi. Kaka yangu naye ananisukuma kwa Mazda CX-5 ya dizeli, anasema hiyo haili mafuta na ina nguvu. Na kuna nesi mwenzake mke wangu ana Honda Vezel ya haibridi, sasa nawaza labda yeye naye angependa hiyo, lakini mimi naona Vezel ni kama kigari cha kwenda salon, na isitoshe mke wangu ni mfupi, nataka akae juu aone mbele.

Kitu kingine, siku hizi akiwa na shifti ya usiku mara nyingi anaiacha Vitz nyumbani anapanda matatu. Nikimuuliza anasema petroli imepanda. Hiyo ilianza baada ya Machi, kuna asubuhi alikuwa anatoka shifti akakaribia kugonga mtu wa boda pale Taj kwa barabara ya Outering, hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Mimi niliona ni breki, nikapeleka Vitz nikabadilisha breki pedi zote. Sasa hiyo ndiyo imenifanya niharakishe, nataka awe ndani ya gari ya nguvu.

Shida yenyewe ni hii. Yule jamaa wa yadi nilimsevu kwa simu kama "Kevo Fundi wa Bomba" ili mke wangu asishuku. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naoga, simu iko mezani, ikaingia meseji: "Boss ile nyeupe bado iko, mwili safi, haijazunguka sana. Kuja jioni uione kabla ichukuliwe." Mke wangu aliisoma. Nilitoka bafu nikampata ameketi na nguo za kazi, hakusema kitu, akaniuliza tu kama bomba letu limeharibika wapi. Nikamwambia ni la saiti. Tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana. Chakula napata, salamu napata, lakini nyumba imenyamaza. Juzi nimesikia akimwambia dada yake kwa simu, "Wacha, nitajua tu."

Na nikipokea simu za yadi natoka nje kwa geti, nikirudi ananiangalia vile huangalia mgonjwa anayedanganya amemeza dawa.

Shangazi, nivumilie mpaka Desemba aje aone mwenyewe halafu tucheke, ama nimwambie sasa na niharibu sapraizi ya miezi mitano? Na kama wewe ungekuwa yeye, ungetaka gari gani?

Ni mimi, baba wa wawili, Utawala.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba baba wa wawili. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka peke yangu hapo kwa meseji ya mwili safi, unisamehe. Ya pili nikajaribu kuisoma na macho ya nesi aliyetoka kazini amechoka, anavua viatu, na mezani simu ya bwanake inasema ile nyeupe haijazunguka sana. Hapo kicheko kikaisha.

Nikuelewe vizuri. Umejinyima miaka, umekusanya milioni moja na nusu kasoro, unataka mke wako aache kusukuma gari kwa matope. Hilo ni pendo, na watu wengi hawajaonyeshwa pendo la aina hiyo hata siku moja. Lakini siri uliyoifunga ili umfurahishe Desemba ndiyo inamkosesha usingizi sasa hivi, na wewe unaona kabisa, ndiyo maana umeniandikia. Kwa hivyo uko na vitu viwili umevifunga kamba moja, gari na kimya, na kila ukivuta kimoja kingine kinakaza.

Niruhusu nikuulize kitu ambacho huenda kikakuuma kidogo. Barua yako yote, mke wako amezungumza maneno mangapi? Nimehesabu. Aliomba gari haina maneno. Alisema petroli imepanda. Aliuliza bomba limeharibika wapi. Akamwambia dada yake atajua tu. Basi. Lakini wewe, kaka yako, jamaa wa yadi na hata nesi mwenzake mwenye Vezel, nyote mna maoni kuhusu gari yake. Sisemi umekosea kumtafutia, nasema tu huyo mtu atakayeketi kwa kiti cha dereva bado hajaingia kwa mkutano.

Hebu turudi kwa ile asubuhi ya Machi. Wewe ni mtu wa mijengo, ukiona ufa unatafuta ufa umetoka wapi, hukimbilii kupaka rangi. Alikaribia kugonga boda akitoka shifti ya usiku. Wewe ukabadilisha breki pedi. Baada ya hapo akaanza kuacha gari nyumbani, lakini ukiangalia vile umeandika mwenyewe, anaiacha akiwa na shifti ya usiku, ya mchana hukuitaja. Petroli ikipanda si hupanda ya usiku na ya mchana? Mimi sijui kilichotokea pale Taj, hukuwa naye na mimi sikuwa naye, lakini mtu aliyesimama wodini kwa masaa kumi na mawili halafu akaingia Outering saa moja asubuhi, wakati magari yote ya Eastlands yanasukumana, huyo huenda alisinzia. Sekunde mbili zinatosha. Na mama mwenye watoto wawili akisinzia kwa usukani halafu akapona, mara nyingi haambii mtu, anaamua kimya kimya kwamba asubuhi hizo atapanda matatu alale mpaka steji. Kama ni hivyo (nasema kama), basi Forester na kamera zake zitamsaidia kidogo, zitampigia kelele akitoka leni, ingawa kule kwetu mistari yenyewe ya leni mara iko mara haiko. Lakini usingizi wenyewe hautauzwa na yadi yoyote. Na ukimpa gari ya milioni tatu mbele ya kanisa zima, atawezaje kukuambia tena kwamba anaogopa kuiendesha asubuhi? Atalazimika kuiendesha. Hapo ndipo mimi nimekaa nikawaza sana.

Ama inaweza kuwa ni petroli kweli, na mimi nimejitungia hadithi. Yeye ndiye anajua.

Sasa gari, kwa sababu najua umeruka mistari ukitafuta hapa.

Forester ni gari nzuri, na kwa ule udongo mweusi mvuto wa magurudumu manne si mapambo. Lakini kama hesabu yake ya petroli ya kweli ndiyo inamfanya aache hata Vitz nyumbani, ujue unamtoa kwa injini ya cc 1000 unampeleka kwa ya cc 2000 inayozungusha magurudumu yote saa zote, hata kwa lami. Hiyo ya 2017 ukiipenda usiende na macho yako peke yake, tafuta fundi wa Subaru asiyejuana na Kevo, ama uipeleke AA, kile chama cha wenye magari, waikague, na uitafute kwa mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari, ujue kama kuna benki inaidai. Kaka yako naye na dizeli yake, hapana shaka haili mafuta, lakini dizeli hizo zina kichujio cha masizi kwa ekzosi ambacho hujisafisha gari ikienda mwendo mrefu na wa kasi kidogo. Utawala mpaka mjini kwa jam, rudi na jam, kila siku, hakipati nafasi, kinaziba, taa inawaka kwa dashibodi na maneno yanaanza. Kama kaka yako ni mtu wa kwenda Kisumu kila wikendi, inamfaa yeye. CX-5 ya petroli ni habari nyingine, nayo haijakaa mbali na Forester kwa urefu kutoka ardhini.

Vezel umeidharau haraka. Kweli iko chini kuliko hizo mbili, nyingi hazifiki sentimita 19, na haibridi za mwanzo mwanzo Honda iliziita zirudi kurekebishwa kule Japan zaidi ya mara moja kwa sababu ya mambo ya giaboksi, hilo usilifiche. Lakini injini yake ya cc 1500 inakaa kwa daraja la chini la ushuru wa bidhaa ikiingia nchini, na kwa mtu wa jam mafuta utayaona mwenyewe yakibaki. Halafu mwenzake kazini anayo, kwa hivyo mke wako huenda ameshaikalia, ameshajua kama miguu inafika pedali na kama anaona pua ya gari akipaki. Wewe unataka mtu mfupi akae juu, sawa, lakini kuna watu wafupi wakipandishwa kwa gari kubwa wanajiona wamepotea ndani. Hiyo haijibiwi kwa simu, inajibiwa na yeye akiketi, avute kiti mbele, aangalie kioo cha nyuma.

Na kuna kitu hujakitaja kabisa, labda kwa sababu ndani ya kichwa chako zawadi lazima iwe kubwa. Aliomba gari haina maneno. Kuna hizi ndogo za sifuri kilomita zinazouzwa mpya dukani, kama Suzuki Fronx inayotengenezwa India, zinakuja na garantii, mwenye kuziuza ndiye anahangaika zikileta shida. Inavutwa na magurudumu ya mbele tu na haiko juu sana, kwa hivyo kwa matope yenu sina hakika, pengine pesa za changarawe kwa hiyo barabara mkichanga na majirani zingefanya kazi kuliko sentimita tatu za gari. Lakini wakati mwingine mtu akisema haina maneno anamaanisha hivyo hivyo tu, asubuhi iwake, jioni iwake. Na kama utaagiza Japan, unajua sheria ya miaka minane, gari iliyozidi hapo hairuhusiwi kuingia nchini, mwaka 2026 zinaingia za kuanzia 2019 peke yake, na uitishe karatasi ya mnada, ukiona herufi R hapo kwa gredi ujue ilishagongwa ikarekebishwa, hata kama Kevo anaapa mwili safi.

Nisipite kwa mkopo bila kusema kitu. Miaka minne ya kukatwa mshahara mke wako atailipa pia, kwa unga, kwa karo, kwa zile Jumamosi utachukua saiti ya ziada. Je, ana mpango wake wa pesa ambao na yeye anauficha mpaka Desemba? Manesi wengi hutaka kurudi shule. Wengine wako kwa chama cha ploti. Wewe umeweza kumficha miezi mitano, usishangae na yeye akawa ameweza. Na wadhamini wa sacco ni kina nani? Kama mmoja anaijua familia yenu hiyo sapraizi ina mguu mmoja nje tayari.

Halafu jina kwa logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, litakuwa la nani? Unasema gari ya mke wangu, lakini hujasema. Sheria yetu ya mali ya ndoa ya 2013 inachukulia kwamba kitu ambacho mume amempa mke kama zawadi wakiwa kwa ndoa ni cha mke kabisa, mpaka mtu athibitishe vingine. Yadi itakuuliza siku ya kulipa, na sacco nayo huenda ikataka kuishikilia, kwa hivyo jua jibu lako mapema.

Sasa ile ya kwanza uliyoniuliza. Ukinyamaza mpaka Desemba, unaweza ukabahatika, afungue mlango wa kanisa aone utepe aanze kulia na kucheka, na hiyo meseji iwe hadithi ya kuambia wajukuu. Inawezekana kabisa. Lakini kati ya leo na Desemba ana miezi ya kulala akiwaza, ana dada wa kumshauri, na mtu aliyeamua nitajua tu huwa hangojei tarehe. Anaweza kumpigia Kevo. Anaweza kwenda kwa mama yako. Na kuna kitu kingine, mtu akikaa na uchungu miezi mingi halafu aambiwe ulikuwa bure, si kila mtu hucheka, wengine hukasirika zaidi, akuulize uliona nikiumia na ukaendelea tu kuangalia gari?

Ukimwambia yote leo, unapoteza ile sura yake umeiota kwa miezi mitano, na nakuelewa, hiyo sura ni ya maana kwako. Lakini unapata mtu wa kuja naye yadi. Pengine atachagua ile usiyoipenda, na itabidi umeze. Pengine atakwambia baba, hizo pesa tumalizie nyumba, na hapo utaumia, tusidanganyane. Jiulize kabla hujafungua mdomo kama uko tayari kusikia hiyo.

Kuna wanaochukua njia ya katikati, kumwambia nusu. Kwamba kuna kitu nakuandalia, Kevo ni muuza magari, simu yangu hii hapa soma kila kitu, lakini siku na mapambo niachie. Nayo ina shida zake, mtu wa maneno kidogo anaweza kusema sawa na bado asikwambie ya Machi. Na ukimpa simu asome, hakikisha hakuna kingine humo, na sikushuku, ni vile tu nimejibu barua nyingi.

Ungeniuliza mimi kama mwanamke ningetaka gari gani, sitakujibu, kwa sababu mimi siendeshi kutoka wodini asubuhi na sipiti kwa matope yenu. Lakini wiki hii ama ijayo ana shifti ya usiku, si ndiyo? Asubuhi moja amka mapema, enda na hiyo Vitz ya waya mpaka getini kwa hospitali, umngoje akitoka. Uendeshe wewe. Mpitie mahali kuna chai ya maziwa na mandazi ya moto, umwache anywe amalize. Uone barabara yake saa hiyo, jua likiwa usoni, boda zikiingia kushoto na kulia. Akilala njiani mwache alale. Akiuliza umekuja kufanya nini, hapo utakuwa umeshajua unataka kumwambia nini.

Na lile jina la Kevo Fundi wa Bomba libadilishe leo.